Milima ya Kongo ikipotea kiangazi, tuache kumsingizia Mkongo

#1 Mwisho_wa_Reli (mleta mada), 29 Julai

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa Kibirizi, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na leo ni siku ya kumi na moja sijaiona Kongo. Wa huku mnanielewa. Mvua za msimu zikikatika, unakaa ufukweni na kahawa yako, ng'ambo milima imesimama kama ukuta, mikunjo yake unaihesabu. Juni inaanza kufifia. Julai inabaki mstari tu, kama mtu kapitisha penseli akajutia. Agosti haipo kabisa. Ziwa na mbingu vinakuwa kitu kimoja, rangi ya maziwa yaliyoingia majivu. Jua nalo jioni halizami majini, linageuka jekundu, linakuwa kahawia, linafutika likiwa bado juu.

Nimekua nikiambiwa mambo mawili. La kwanza, ule ni ukungu wa baridi. La pili, ni Wakongo wanachoma misitu yao. La kwanza niliacha kuliamini siku mke wangu alipoanua shuka nyeupe asubuhi na kukuta zimejaa vipande vyeusi vya nyasi iliyoungua. Ukungu hauna masizi. La pili nililishikilia mpaka mwaka jana, tukibishana kwenye kipe usiku tukisubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Mzee mmoja akaniuliza: "Upepo wa Julai unatoka wapi?" Nikanyoosha mkono kusini mashariki, maana hilo hata mtoto wa mvuvi analijua. Akasema, "Sasa moshi wa Mkongo unakuja huku kwa nauli ya nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma, na nilichokipata kimenigeuza kabisa. Uzi ni mrefu, mwenye bando dogo aishie hapa.

Mnapomsikia mtu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa anatangaza kipupwe, Juni mpaka Agosti, huwa anataja "mgandamizo mkubwa wa hewa" kusini, yaani eneo ambalo hewa inakandamiza chini kuliko sehemu za pembeni yake. Upo ule wa Mascarene, mashariki ya Madagascar, na upo unaokaa juu ya kusini mwa Afrika. Wakati huo kusini mwa dunia ni majira ya baridi, na mitambo hiyo ndiyo inapata nguvu. Inafanya kazi mbili. Kwanza inasukuma upepo wa kusi kutoka baharini, unapita juu ya Tanzania nzima, unatufikia huku umeshakauka. Ukipita, unapita juu ya nani? Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Katavi. Yaani kabla ya kufika Kigoma umeshakusanya kila kinachofuka mgongoni kwetu. Ng'ambo kwa Mkongo, kilomita hamsini hivi za maji, sisi ndio tulio upande wa upepo. Kwa hiyo Julai yeye ndiye mwenye haki ya kulalamika.

Kazi ya pili ndiyo iliyonishangaza. Chini ya mgandamizo mkubwa hewa inashuka. Hewa inayoshuka inabanwa, na ikibanwa inapata joto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka ukijaza upepo. Kila kilomita moja inayoshuka inaongeza nyuzi 10 hivi. Matokeo yake, juu kunakuwa na tabaka la joto na chini kuna hewa ya baridi. Moshi unapanda kwa sababu una joto kuliko hewa inayouzunguka, sasa ukifika juu ukakuta hewa yenye joto kuliko wenyewe, unaishiwa nguvu. Mliowahi kuangalia moto wa porini kwa mbali mmeliona hili bila kujua. Moshi unapanda wima, halafu ghafla unatandaa pembeni kama umegonga dari. Umegonga kweli.

Na usiku kuna kifuniko cha pili, cha chini zaidi. Anga jeupe bila wingu, ardhi inapoteza joto lake haraka, hewa iliyoigusa inapoa, ya juu yake inabaki na joto. Mchana dari linaweza kuwa kilomita 2 au 3 juu ya vichwa vyetu, usiku likashuka mpaka mita 200. Piga hesabu mwenyewe: moshi ule ule, chumba kimepungua mara kumi au zaidi. Ndiyo maana ukiamka saa kumi na moja alfajiri mtaani unaukuta moshi wa jana jioni bado umelala kwenye paa za watu, na saa nne asubuhi hauuoni tena. Haujaondoka. Jua limelipandisha dari.

Mfano mkubwa duniani ni London. Ijumaa ya tarehe 5 Desemba 1952 mgandamizo mkubwa ulitua juu ya jiji ukakaa mpaka tarehe 9. Makaa ya mawe walikuwa wanachoma majumbani na viwandani kila majira ya baridi, ingawa baridi ya siku zile iliwafanya waongeze. Kilichobadilika hasa ni anga. Hesabu ya kwanza ilisema wamekufa watu wapatao 4,000, uchambuzi wa miaka ya baadaye ukafikisha hadi 12,000. Upepo wa magharibi ulipoingia, mambo yakaisha. Sheria ya hewa safi ilikuja 1956.

Karibuni. Wajuzi wanirekebishe.

#2 Toronto_Asili, 29 Julai

Mwangaluka mtani wangu. Kwa hiyo miaka yote tumewanunulia dagaa wenye mchanga bila kulalamika, leo mnatuletea na bili ya moshi?

Lakini nitasema kweli, maana nimezaliwa Tabora na nimesafiri na treni hiyo tangu nikiwa begani. Ukitoka Tabora usiku wa Agosti kuelekea kwenu, kuanzia Urambo, Kaliua mpaka mabonde ya Malagarasi, unaona mistari ya moto porini kama taa za mji ambao haupo. Serikali inauita moto kichaa, ila mimi sijawahi kuona moto ambao hauna mwenyewe. Mfugaji anachoma apate majani mabichi. Mwindaji anachoma amtoe mnyama. Mwenye shamba anasafisha, moto unamtoroka. Mchoma mkaa anaacha tanuri. Na warina asali nao wapo, ingawa hao wanasingiziwa zaidi ya wanavyostahili, maana anayeishi kwa nyuki hana faida msitu ukiungua maua hayajatoka.

Jambo moja nataka niliweke sawa kabla mtu hajalileta: tumbaku. Mabani yetu ya kukaushia tumbaku yanakula kuni, hilo sibishi, misitu ya miombo imepungua kwa sababu hiyo. Lakini kukausha tumbaku ni Februari mpaka Aprili, mvua bado zinanyesha. Julai tumbaku ipo sokoni. Moshi unaowaficha Kongo si wa bani.

Halafu kuna kuchoma mapema. Wazee walikuwa wanachoma Mei, majani yakiwa bado yana unyevu, moto unapita chini chini na kujizimia jioni. Watu wa misitu nao wanafanya hivyo. Ukichelewa mpaka Septemba, kila kitu kimekauka, moto unapanda mpaka kwenye matawi na hauzimiki.

#3 Kasulu_Kwetu, 29 Julai

Mleta mada unaandika vizuri ila hoja ni dhaifu. Mimi nimefungua ile ramani ya moto ya NASA, FIRMS, inaonyesha moto kwa nukta nyekundu. Kongo kusini yote imejaa nukta mpaka ardhi haionekani. Wewe unatuambia tuliochoma ni sisi? Unatetea jirani kuliko ndugu zako.

#4 Ngoja_Waje, 29 Julai

Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#5 Mwisho_wa_Reli, 30 Julai

Kasulu_Kwetu, ndugu yangu, nukta zinaonyesha moto ulipo, hazionyeshi moshi unakokwenda. Hiyo ramani inatokana na setilaiti za Terra na Aqua na nyingine, inahisi joto. Hebu fungua pembeni ramani yoyote ya upepo, mita 10 juu ya ardhi, uiweke sambamba. Katanga, kusini mwa Kongo, wanachoma sana, sikatai. Lakini mishale ya upepo inapeleka moshi wao magharibi, kuelekea Angola na Atlantiki.

Kingine, kilele cha msimu wa moto kusini mwa ikweta kinatembea. Kinaanza Angola na kusini mwa Kongo Mei na Juni, kisha kinasogea mashariki, Zambia, ndipo Tanzania na Msumbiji kuelekea mwezi wa tisa. Kwa hiyo ukifungua ramani Juni utaapa ni wao. Fungua tena Septemba halafu uje hapa.

#6 Mwalimu_Jografia, 30 Julai

Nimefurahi kuona kijana anayebishana kwa pampu ya baiskeli badala ya matusi. Lakini mleta mada umekaza kamba kupita kiasi, ngoja nikulegezee sehemu tatu.

Kwanza, upepo wa chini si upepo wa juu. Unaosema wewe ni ule unaotikisa miembe. Ukipanda kilomita 3 au 4 mambo ni mengine. Mwaka 2000 watafiti wa mataifa mengi walikuja kusini mwa Afrika kwa kazi moja kubwa iliyoitwa SAFARI 2000, wakipima moshi kwa ndege na kwa setilaiti. Waliona kwamba moshi wa kiangazi chetu unashikwa kati ya matabaka, mojawapo kwenye kilomita 3 na jingine kwenye kilomita 5 hivi, na humo unazungushwa kama nguo ndani ya beseni. Mgandamizo ule unazunguka kinyume cha saa. Moshi wa Zambia unaweza kwenda magharibi, ukashuka kusini, ukarudi mashariki baada ya siku kadhaa. Septemba ya mwaka huo waliupiga picha mto mzima wa moshi, upana wake mamia ya kilomita, ukitoka upande wa Angola na Zambia, ukapita juu ya Botswana na Afrika Kusini ukaangukia Bahari ya Hindi. Kwa hiyo kusema moshi wa Kongo haugusi Tanzania kamwe, hapana. Sema hewa unayoivuta hapo Kibirizi Julai, kwa sehemu kubwa, imetoka mashariki na kusini mashariki.

Pili, umesahau ziwa lenyewe. Wavuvi wanajua kwamba usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, na mchana unarudi. Moshi wa mji wa Kigoma, wa Ujiji, wa tanuri za kule milimani, usiku unasukumwa majini, mchana unarudishwa mlangoni kwako. Mtu akiona moshi unaingia saa nane mchana ukitokea ziwani anaapa umetoka Kongo. Umetoka kwake mwenyewe jana usiku, ulikwenda kutembea tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mwaka una pande mbili. Desemba mpaka Februari jua likiwa kusini, wanaochoma ni wenzetu wa kaskazini mwa ikweta, Sudani Kusini, Afrika ya Kati, kaskazini mwa Kongo. Upepo nao umegeuka, unatoka kaskazini. Rwanda wana kituo cha kupimia hewa kwenye kilima cha Mugogo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mbali na magari. Vipimo vyao vinapanda mara mbili kwa mwaka, na zote ni nyakati za ukavu: Juni mpaka Agosti moshi ukitoka kusini, na Desemba mpaka Februari ukitoka kaskazini. Kigoma si mbali na pale. Januari mvua ikipumzika wiki moja, angalia anga lako.

#7 Kasulu_Kwetu, 30 Julai

Kaskazini mwa Kongo. Mwalimu umesema mwenyewe, KONGO. Nimeshinda kesi, nafunga faili.

#8 Mwalimu_Jografia, 30 Julai

Umeshinda ya Januari. Ya Julai umeshindwa. Rufaa inaruhusiwa.

#9 Mama_Zahanati, 31 Julai

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nitaongea ya kifuani.

Kila mwaka kuanzia Juni foleni ya watoto wenye kikohozi inarefuka, na mama wa Kigoma ana jibu moja: baridi. Baridi ipo, virusi vya mafua navyo vipo, sitaki mtu aache kuja zahanati akidhani ni moshi tu. Lakini kuna chembe ndogo wanaziita PM2.5, ndogo kuliko unene wa unywele mara ishirini au thelathini, zinazopita puani, zinapita kooni, zinakwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango: kwa wastani wa mwaka zisizidi mikrogramu 5 kwenye mita moja ya ujazo wa hewa, na kwa saa 24 zisizidi 15. Zamani ilikuwa 10 na 25.

Sasa hapo juu mmejadili moshi wa Zambia na wa Angola. Mimi naomba mshuke mpaka jikoni. Shirika hilo hilo linahesabu vifo milioni 3.2 kwa mwaka, hesabu ya 2020, kwa hewa chafu ya ndani ya nyumba peke yake. Julai usiku watu wa milimani, Kasulu, Buhigwe, Heru, wanafunga dirisha kwa sababu ya baridi na kuingiza jiko la mkaa ndani. Ndugu zangu, mkaa hauna moshi mwingi machoni, lakini una gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Jiko libaki nje, kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Hili si nadharia kwangu. Nimepokea familia alfajiri, na sitasema zaidi.

Na kile kifuniko cha usiku alichokieleza mleta mada, mwanamke ndiye anayekaa chini yake. Moto wa chai unawashwa saa kumi na moja alfajiri, dari likiwa chini kabisa. Mpango wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mimi naomba tu mtungi ufike Buhigwe kwa bei inayoshikika.

#10 Toronto_Asili, 31 Julai

Mama, marahaba zimefika. Hilo la mkaa ndani nimelituma kwenye kundi la ukoo sasa hivi.

#11 Fundi_Sola_Uvinza, 1 Agosti

Mimi naiona hii kitu kwenye mita. Wateja wananipigia Agosti: fundi, paneli uliyoniuzia imekufa, jua linawaka lakini betri haijai. Naenda na mita yangu, anga halina wingu hata moja, na umeme uko chini kuliko wa Mei. Nilikuwa nawaambia ni vumbi, nafuta paneli kwa kitambaa, inapanda kidogo, haifiki. Kumbe lile utandu la juu linakula jua kabla halijafika batini. Siku hizi nikifunga mtambo nampa mteja paneli moja ya ziada kwa ajili ya kiangazi, na nampa maelezo mapema, maana niliwahi kudaiwa kurudisha hela kwa kosa la anga.

Swali kwa mwalimu: huu moshi unapoza ardhi au unaipasha?

#12 Mwalimu_Jografia, 1 Agosti

Swali zuri kuliko unavyodhani, fundi. Chini unapoza, kwa sababu jua halifiki lote. Lakini masizi meusi yanakunywa jua na kupata joto kule kule juu yalipo. Sasa fikiria: juu kumepashwa, chini kumepozwa. Kile kifuniko kinakazwa zaidi. Moshi unajijengea dari lake mwenyewe.

#13 Mchina_wa_Ujiji, 2 Agosti

Wakuu naomba niingie. Nilisoma Beijing, na Januari 2013 nilikuwepo. Watu wakisema moshi wa Kigoma mimi nacheka kidogo, halafu naacha kucheka.

Tarehe 12 Januari kipimo kilichokuwa kwenye ubalozi wa Marekani kilisoma mikrogramu 886 za PM2.5. Linganisha na zile 15 za Mama_Zahanati, ingawa zake ni wastani wa saa 24. Saa sita mchana taa za magari zinawaka. Nikitazama dirishani, jengo la jirani ng'ambo ya barabara lilikuwa kivuli tu. Ukipenga kamasi, nyeusi. Rafiki yangu kutoka Bukoba aliniambia kwa mara ya kwanza ameelewa kwa nini samaki hufungua mdomo.

Kilichonishangaza ni kwamba wiki moja kabla yake tulikuwa na siku za anga la buluu, baridi ya kukata masikio. Viwanda ni vile vile. Mhadhiri wetu ndiye aliyenieleza. Majira ya baridi Siberia kunakaa mgandamizo mkubwa sana. Ukiwa na nguvu, unarusha upepo wa baridi kali kusini, unafagia China kaskazini yote mpaka baharini, ndiyo zile siku za buluu. Ukilegea, upepo unakufa, unyevu unapanda kutoka kusini, kifuniko kinafunga, na moshi wa makaa ya mawe unakaa pale pale ulipozaliwa. Kwa hiyo kule watu walikuwa wanaombea baridi kali.

Na wanasema miaka ya El Niño, Bahari ya Pasifiki inapopata joto kuliko kawaida, mara nyingi upepo huo wa baridi unalegea, ukungu unazidi. Wengine wanahusisha hata na kupungua kwa barafu ya Aktiki, ingawa hapo wataalamu wenyewe wanavutana mashati.

#14 Mwisho_wa_Reli, 2 Agosti

Hapo mkuu umenigusa, kwa sababu kwetu ni kinyume kwa namna ya ajabu. Kwao upepo wa majira ya baridi unasafisha. Kwetu upepo wa kipupwe ndio mbebaji. Mgandamizo ni ule ule, tofauti ni unavuma kutoka wapi na umepita juu ya nini.

Nimesoma pia ya Delhi. Oktoba na Novemba wakulima wa Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga ili wawahi kupanda ngano. Upepo wa kaskazini magharibi ni dhaifu, unauvuta moshi taratibu juu ya uwanda wa Ganges, Himalaya imeziba kaskazini kama ukuta wa ghala, na baridi inaweka kifuniko. Wakulima wakimaliza kuchoma, hewa bado mbaya Desemba na Januari, kwa sababu kuna magari, matofali, viwanda na mioto ya watu wanaoota barabarani. Anayewaokoa ni mawingu yanayosafiri kutoka Bahari ya Mediterania, yakileta mvua ya siku moja mbili. Yakikosa, wanakaa hivyo hivyo.

Ulaya nako kuna mzani wao, kati ya mgandamizo mdogo wa Iceland na mkubwa wa visiwa vya Azores. Tofauti ikiwa kubwa, upepo wa Atlantiki unaingia na mvua, kaskazini mwa Ulaya wanapumua. Tofauti ikipungua, baridi tulivu inakaa. Sitaki kwenda mbali huko.

#15 Mwalimu_Jografia, 3 Agosti

Ongeza na kaskazi yetu, usiiache. Upepo uliokuwa unaleta majahazi kutoka Arabuni na India, Desemba mpaka Machi, unatokana na mgandamizo huo huo wa Asia wakati wa baridi. Majahazi yamepungua, moshi umepanda chombo. Januari mpaka Machi 1999 kulikuwa na utafiti mkubwa Bahari ya Hindi, INDOEX, kituo chao kikuu kikiwa Maldives. Walikuta juu ya bahari ya kaskazini, mamia ya kilomita kutoka nchi kavu, utandu wa kahawia unaofika kilomita 3 kwenda juu. Ulikuwa moshi wa jikoni na viwanda vya Asia ya Kusini ukisafirishwa na kaskazi mpaka kwenye ukanda wa mvua, na hapo mvua inauosha. Mzee wa Kilwa ambaye hajawahi kusikia neno PM2.5 anaweza kukuelezea njia ya moshi huo, kwa sababu ni njia ya babu yake.

Kuhusu El Niño hapa kwetu, tahadhari. Mvua za vuli zikiwahi kwa nguvu, kama zile za mwisho wa 2019, ingawa zile zilitokana na Bahari ya Hindi ya magharibi kupata joto, moto unazimwa mapema. Lakini mvua nzuri ya msimu inaotesha majani marefu, na majani marefu ni kuni za kiangazi kinachofuata. Mwaka wa neema mara nyingi hulipwa Agosti.

#16 Kasulu_Kwetu, 3 Agosti

Swali dogo bila ubishi. Huu upepo wa kusi si ndio wavuvi mnasema unaleta dagaa?

#17 Mwisho_wa_Reli, 3 Agosti

Ndio huo huo! Mei mpaka Septemba unasukuma maji ya juu yenye joto kuja kaskazini, kule mwisho wa kusini, upande wa Mpulungu, Zambia, maji baridi ya chini yanapanda na mbolea yake. Upepo ukilala, ziwa zima linayumba kama maji kwenye karai ulilolibeba vibaya, na mbolea inapanda sehemu nyingine. Na masizi yenyewe yakianguka ziwani yana chakula cha mimea midogo. Kwa hiyo mzee wa kipe ananiambia, "Ukilaani huo upepo, usile dagaa." Sijui nimjibu nini na hapo.

#18 Mama_Zahanati, 4 Agosti

Mjibu kwamba upepo hatuulaani, tunamlaani mwenye kiberiti.

#19 Toronto_Asili, 21 Septemba

Naufufua uzi. Jana nimetoka Sikonge na pikipiki, moto pande zote mbili za barabara, nimepita nimefumba mdomo kwa shati. Mwanakijiji mmoja nimemkuta anatazama tu. Nikamuuliza nani kachoma, akasema, "Umekuja wenyewe." Nimefungua ramani usiku, Tabora imewiva nukta kuliko Kongo. Mtani, nakubali kesi ya Julai na ya Septemba. Bili nitalipa kwa asali.

#20 Kasulu_Kwetu, 21 Septemba

Nimeona. Sisemi kitu.

#21 Mwisho_wa_Reli, 9 Novemba

Wakuu, mrejesho. Agosti nzima niliiona Kongo mara mbili tu, zote asubuhi baada ya upepo mkali wa usiku, na Septemba sikuiona hata siku moja. Mvua ya kwanza imepiga jana saa tisa alasiri, ya mawe madogo, mabati yamelia mpaka hatukusikiana. Maji ya kwanza kutoka kwenye paa yalikuwa meusi kama ya kuoshea sufuria, mke wangu akakataa kuyakinga.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimetoka nje. Milima ipo. Imesogea mpaka unadhani mtu akipiga kelele ng'ambo utamsikia. Juu ya mlima mmoja kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi, umepanda wima, haujagonga dari popote. Kasulu_Kwetu, huo ni wa Mkongo. Nimekupigia picha.